ZABURI KATIKA MAISHA YA KILA SIKU

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Mama huyu alifiwa na mtoto wake. Majirani walikuja msibani. Walileta kuni, maji na unga. Baada ya siku tatu matanga yalianuliwa na watu wakarudi makwao. Usiku mama alibaki peke yake. Alilia na kumlalamikia Mungu kwa sauti. Asubuhi jirani akamwonya, "Dada, usimlalamikie Mungu. Ni dhambi." Mama akanyamaza. Tangu siku hiyo hakuweza kusali, maana hakuwa na maneno mengine ila yale aliyokatazwa.

Je, jirani yule alisema kweli? Tutafute jibu katika kitabu cha Zaburi.

Zaburi ni nini?

Zaburi ni nyimbo na sala za Waisraeli wa kale. Zimo katika Biblia, katika Agano la Kale. Jumla yake ni 150. Fupi kuliko zote ni ya 117, nayo ina mistari 2 tu. Ndefu kuliko zote ni ya 119, nayo ina mistari 176.

Watu wengi husema kwamba Zaburi zote ni za Mfalme Daudi. Sivyo. Katika Biblia ya Kiebrania, zaburi 73 zina jina la Daudi juu yake. Nyingine zina jina la Asafu, au la wana wa Kora, ambao walikuwa waimbaji wa hekaluni. Zaburi ya 90 ina jina la Musa. Nyingine hazina jina la mtu yeyote.

Ndugu zetu Waislamu nao wanalifahamu jina hili. Kurani inasema kwamba Mungu alimpa Nabii Daudi Zaburi. Kwa hiyo katika darasa lenye Wakristo na Waislamu, neno hili si geni kwa yeyote.

Jambo moja huwachanganya wasomaji. Katika vitabu vingine vya Wakatoliki, hasa vya zamani, zaburi ya Mungu aliye mchungaji ni ya 22. Katika Biblia nyingine ni ya 23. Hakuna aliyekosea. Waliotafsiri Zaburi kwa Kigiriki hapo kale waliunganisha zaburi ya 9 na ya 10 kuwa moja. Basi hesabu yao ikabaki nyuma kwa moja katika sehemu kubwa ya kitabu. Maneno ni yale yale.

Namna zilivyotungwa

Mashairi yetu ya Kiswahili huwa na vina na mizani. Waisraeli walitumia njia nyingine. Mtunzi alisema jambo, kisha akalisema tena kwa maneno mengine. Huu hapa ni mfano ambao si wa Biblia: "Shamba la mvivu huota magugu, na ghala lake hulala tupu." Sehemu ya pili inatia nguvu sehemu ya kwanza. Kwa hiyo ukisoma Zaburi na kuona jambo limesemwa mara mbili, usidhani umerudia mstari kwa makosa. Soma polepole. Sehemu ya pili mara nyingi hufafanua ile ya kwanza.

Zaburi za malalamiko

Ziko zaburi za kumsifu Mungu, za kumshukuru, za mafundisho, na za safari ya kwenda Yerusalemu. Lakini zilizo nyingi kuliko aina nyingine ni za malalamiko. Mtu ni mgonjwa, au amesingiziwa, au rafiki amemgeuka. Naye anamwambia Mungu waziwazi.

Fungua Zaburi ya 13. Ni fupi, ina mistari 6. Mwanzoni mtu anauliza mara nne kwamba taabu yake itaendelea mpaka lini. Kisha anaomba msaada. Mwishoni anasema kwamba anautumainia wema wa Mungu. Taabu yake hatuambiwi kama imekwisha. Kilichobadilika ni kwamba sasa ameisema mbele ya Mungu.

Zaburi ya 88 ni nzito zaidi. Haimalizii kwa furaha wala kwa shukrani. Inaishia gizani. Hata hivyo haikuondolewa katika Biblia. Naye Yesu alipokuwa msalabani alilia kwa maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 22, ambayo ni malalamiko.

Basi jirani wa yule mama alikosea. Kumlalamikia Mungu si kumkana. Mtu hamlalamikii asiyekuwapo. Mtoto hulia mbele ya mzazi wake kwa kuwa anajua yeye ndiye wa kumsikiliza.

Mkulima anayelia

Zaburi ya 126 inamtaja mkulima anayepanda huku analia. Watu wa mjini huenda wakashangaa. Lakini sisi tulioona ukame tunaelewa. Mvua zinapokaribia, ghala limebaki na mbegu tu. Watoto wana njaa. Mbegu zile zingeweza kusagwa na kupikwa leo. Baba au mama anazichukua na kuzifukia ardhini. Anatoa chakula kinywani mwa watoto ili wapate kula mwakani. Mtu wa namna hii hawezi kupanda bila machozi.

Zaburi hii inakumbuka watu waliorudi kutoka utumwani. Yerusalemu ulibomolewa na Wababeli karibu mwaka 587 kabla ya Kristo, na watu wengi walihamishwa kwenda Babeli. Waliporudi walianza upya. Imani yao haikuwa ya kukaa na kungoja. Walilia, lakini walipanda.

Zaburi za hasira

Ziko pia zaburi ambazo mtu anaomba adui yake aadhibiwe vikali. Mfano ni ya 109 na ya 137. Tusizifiche. Lakini tusizitumie vibaya.

Katika vijiji vingine mtu akigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, huamka usiku na kumsomea zaburi hizo ili adhurike. Jirani akiugua, watu husema, "Ameshikwa." Uadui unazidi. Kesho yake watu wanashikiana mapanga. Hivyo ndivyo kitabu cha sala kinavyogeuzwa kuwa uchawi.

Aliyetunga zaburi ya hasira hakwenda kumpiga adui yake. Alipeleka hasira yake kwa Mungu na kumwachia hukumu. Mkristo ana amri nyingine zaidi. Yesu alifundisha wafuasi wake wawapende adui zao na kuwaombea. Kwa hiyo mweleze Mungu hasira yako yote. Kisha nenda kwa wazee na viongozi wa kijiji, mpaka upimwe mbele ya mashahidi.

Vivyo hivyo, Zaburi si hirizi wala dawa. Kuweka Biblia chini ya mto hakuponyi malaria. Mtoto akiwa na homa kali, mpeleke zahanati mara moja, na njiani umwombee. Kusali na kutibiwa havigombani.

Imani sokoni na shambani

Soma Zaburi ya 15. Ina mistari 5. Inauliza ni nani anayestahili kukaa kwa Mungu. Tungetazamia jibu kuhusu ibada na sadaka. Lakini jibu ni la maisha ya kila siku. Ni mtu asemaye kweli, asiyemsengenya jirani, anayetimiza ahadi hata kama imekuja kumtia hasara. Ni mtu asiyemkopesha mwenzake kwa riba wala kupokea rushwa ili amwumize asiye na kosa.

Tulinganishe na mambo yetu. Umeahidi kumwuzia mwenzako gunia la mahindi kwa bei mliyopatana. Kesho anakuja mchuuzi na bei kubwa zaidi. Utafanya nini? Jirani amekuja kukopa debe moja wakati wa njaa. Je, utamtaka arudishe matatu? Hapo ndipo imani inapopimwa. Mtu anaweza kuimba vizuri kanisani Jumapili na kushindwa mtihani huu Jumatatu.

Namna ya kusoma

Chagua zaburi moja fupi. Isome mara ya kwanza ili uyatambue maneno. Isome tena kwa sauti, maana nyimbo hizi zilitungwa ziimbwe. Kisha jiulize: Mtu huyu yuko katika hali gani? Anamwambia Mungu nini? Mimi ninafanana naye wapi? Usichukue mstari mmoja na kuacha mingine. Asomaye mwanzo wa Zaburi ya 13 tu ataona kukata tamaa. Asomaye mwisho tu hataona machozi. Isome yote.

Tumrudie yule mama. Alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la kisomo. Siku moja alifungua Zaburi ya 13, akaisoma kwa kidole, neno kwa neno. Akakuta kwamba maneno aliyokatazwa kusema yalikwisha andikwa zamani, na watu wa Mungu wakayaimba. Akayasoma kwa sauti. Usiku ule akasali tena.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini namba za zaburi hutofautiana katika vitabu?
2. Mkulima wa Zaburi ya 126 analia kwa nini? Je, umewahi kuona jambo kama hilo?
3. Mtu akimsomea jirani yake zaburi ya hasira, amekosea wapi?
4. Jirani yako amefiwa na anamlalamikia Mungu. Utamwambia nini?

Kazi ya kufanya

Soma Zaburi ya 15 nyumbani. Andika kwa maneno yako mwenyewe mambo matatu ambayo utayafanya wiki hii.