Lori Kuukuu na Hewa Inayoingia kwa Mlango wa Nyuma

Kiangazi kinapofika Kigali, yaani kati ya Juni na Agosti, malori ya mchanga na mawe ya ujenzi hutimua vumbi jekundu katika njia zisizo na lami. Mwenye lori husafisha chujio la hewa, au hununua jipya, akadhani amekwisha kuilinda injini yake. Hata hivyo lori laendelea kula oili.

Nalikumbuka lori la jirani yangu, dizeli ya miaka mingi, ambalo ndilo lililoilisha nyumba yake na kulipa karo. Kila asubuhi lilitoa moshi wa buluu, na kila siku dereva aliongeza oili. Wote tukailaumu oili. Lilipofunguliwa katika gereji moja ya Gatsata, fundi alituonyesha gasketi ya manifoldi, lile bomba lenye matawi ligawalo hewa kwa kila silinda. Mtu fulani alikuwa ameikata kwa boksi la karatasi, nayo ilikuwa imepasuka kwenye silinda ya mwisho. Vumbi lilikuwa limeganda ndani ya tawi, na ringi za pistoni zimelika.

Ubaya wa dizeli ni ukimya wake. Injini ya petroli yenye kabureta ikivuta hewa pembeni hulalamika papo hapo: hutetemeka, hukohoa, huzimika, kwa kuwa hewa imezidi petroli. Dizeli haijali hewa imepita wapi. Nguvu zake hazipungui, na huku vumbi lasaga silinda kama msasa. Isipokuwa zile za kale ambazo pampu yake ya mafuta huongozwa kwa mvuto wa hewa ya manifoldi. Hizo mwanya waweza kuzifanya zipandishe mwendo zenyewe, jambo la hatari.

Uchunguzi hauna gharama. Fungua mpira unaounganisha chujio na manifoldi, upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, pana mwanya, au chujio lenyewe halifungi. Kisha, kama injini haina tabo, rudisha mpira, iwashe ikae mwendo wa chini, uzibe mdomo wa chujio kwa ubao ulionyooka, kamwe si kwa kiganja. Injini isiyo na mwanya haina budi kuzimika. Ikiendelea kupumua, inapata hewa kwingine.

Ukiifungua manifoldi, ziba matundu ya silinda kwa vitambaa, nawe uvihesabu. Kitambaa kilichosahaulika huua injini kuliko vumbi. Kwangua gasketi ya zamani bila kuchimba chuma. Weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi: mwanga ukipenya chini yake, uso umepinda, na gasketi mpya haitafaa kitu mpaka usawazishwe. Wapo wanaorundika silikoni badala ya gasketi. Mimi siwaungi mkono, maana vipande vyake hukatika vikavutwa ndani.

Nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili au tatu, na zikaguliwe tena injini ikiisha kupata moto na kupoa. Zitazame pia klipu za ule mpira wa chujio. Mara nyingi mwanya huwa pale pale, wala hauhitaji gasketi yoyote.