Je, Wajua? Masada, Ngome Iliyosahauliwa na Wenyewe

Je, wajua kuna ngome iliyo mita 450 juu ya ufuko wake, na bado kilele chake hakifiki hata mita 100 juu ya usawa wa bahari? Ni Masada, katika jangwa la Yudea nchini Israeli. Ufuko wenyewe ni wa Bahari ya Chumvi, iliyozama zaidi ya mita 400 chini ya bahari zote unazozijua!

Na wajua nani aliijenga ikapendeza? Herode Mkuu, yuleyule wa habari za mamajusi. Alijijengea kasri la ngazi tatu kwenye ukingo wa jabali, na bafu la mvuke ambalo sakafu yake ilibebwa na vinguzo vipatavyo 200 ili hewa ya moto ipite chini. Jangwani, ndugu yangu!

Maji je? Shika roho: mabirika 12 yaliyochongwa ndani ya mwamba, yenye uwezo wa kuhifadhi lita milioni 40. Hayo ni maboza 4,000 ya lita 10,000 kila moja. Na yote ni maji ya mvua, mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha.

Mwaka 66 B.K. Wayahudi walioasi utawala wa Roma waliiteka Masada. Miaka minne baadaye Hekalu la Yerusalemu likateketezwa, lakini wao walikuwa bado wako juu. Roma haikukubali: liwali Flavius Silva akaja na Jeshi la Kumi, akapiga kambi nane na kuzungushia mlima wote ukuta.

Unadhani ukuta ule uliwachukua miaka? Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walipiga hesabu: askari 5,000 wangeweza kuumaliza kwa wiki mbili hivi. Tuta walilolijenga kupandisha gogo la kubomolea bado lipo. Ukifika leo unaweza kupanda kwa njia hiyohiyo ya Warumi!

Sasa sogea karibu. Mwandishi Josephus anasema Warumi walipoingia walikuta maiti 960. Wanaume walikuwa wameamua kuwaua wake na watoto wao, kisha kuuana wao kwa wao kwa kupiga kura, wasije wakawa watumwa. Walionusurika ni saba tu: wanawake wawili na watoto watano, waliojificha kwenye mfereji wa maji. Bila wale wanawake, nani angetuhadithia?

Josephus huyo mwenyewe wamjua? Hakuwepo Masada. Lakini mwaka 67 alikuwa amejificha pangoni na wenzake 40, nao wakapiga kura ya kuuana. Akabaki yeye na mwenzake mmoja, wakajisalimisha kwa Warumi!

Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote: Talmudi, bahari ile ya maneno ya marabi, haisemi lolote kuhusu Masada. Hata neno! Kisa kilihifadhiwa katika kitabu cha Kigiriki, kikanakiliwa na Wakristo karne kwa karne. Mahali penyewe palikuja kutambuliwa mwaka 1838, na aliyepatambua ni Mmarekani, Edward Robinson.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1927 Yitzhak Lamdan alichapisha utenzi kwa Kiebrania uitwao Masada, na vijana wakaanza kuukwea mlima kwa miguu. Taifa la Israeli lilipozaliwa, askari wakawa wanaapishwa kule juu usiku, mienge ikiwaka. Jabali lililonyamaziwa karibu miaka 1,900 likawa kiapo cha jeshi!

Mwanaakiolojia Yigael Yadin alichimba hapo kuanzia 1963 hadi 1965, akisaidiwa na maelfu ya watu wa kujitolea kutoka nchi 28. Wakakuta nywele za mwanamke zikiwa zimesukwa vilevile, na ndara zake. Wakakuta pia vigae 11, kila kimoja na jina moja, na kimoja kimeandikwa Ben Yair, ilhali kiongozi wa waasi aliitwa Eleazar ben Yair! Kama ndivyo vigae vya ile kura ya mwisho, wataalamu wanabishana hadi leo.

Wakakuta birika la kujitakasa. Habari zikafika kwa marabi, nao wazee wa watu wakaukwea mlima juani, utepe wa kupimia mkononi. Wakapima, wakatoa hukumu: ni halali kabisa kwa sheria.

Na chini ya sakafu ya sinagogi, moja ya masinagogi ya kale zaidi yanayojulikana, walifukua vipande vya kitabu cha Ezekieli. Sura ipi? Ile ya bonde la mifupa mikavu inayofufuka! Umeisikia hiyo?

Mwaka 2001 UNESCO iliiandika Masada katika Urithi wa Dunia. Lakini usiondoke bado, kuna kokwa ya tende. Ilichimbuliwa Masada, ina umri wa takriban miaka 2,000, na mwaka 2005 ikapandwa. Ikaota! Mtende ukaitwa Methusela, ukatoka dume, na chavua yake ikatiwa kwenye mtende jike uitwao Hana, uliooteshwa pia kutokana na kokwa ya kale. Mwaka 2020 Hana alizaa tende zaidi ya 100, na watu wakazila.