Pangani, Mwisho wa Maji ya Meru

Maji yanayopita chini ya madaraja ya mji wetu wa Arusha hayaishii mbugani, ingawa wengi tunadhani hivyo. Mito ya Themi, Nduruma na Usa yote huanzia kwenye misitu ya Mlima Meru, ikateremka kusini hadi kuingia mto Kikuletwa. Kikuletwa nao hukutana na Ruvu, unaotoka upande wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe, ndani ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto ni mmoja, unaitwa Pangani, na unapita chini ya milima ya Upare na Usambara mpaka Bahari ya Hindi. Kuanzia mlimani kwetu hadi baharini ni mwendo wa kilomita 500 hivi, na pale unapomwaga maji upo mji mdogo wenye jina hilohilo.

Mimi nauza nazi katika soko la Kilombero, na nina kishamba cha vitunguu na nyanya huko Nduruma ninachomwagilia kwa mfereji. Kwa hiyo mto huu naujua kwa ncha zote mbili: huku ninachepua maji yake, kule nafuata nazi.

Mji wa Pangani umekaa ukingo wa kaskazini. Nyumba za zamani za mawe, nyingine zikiwa bado na milango ya nakshi, zimejipanga kuutazama mto, si bahari, na mgeni anayetaraji kuona mawimbi hushangaa kidogo. Ng'ambo ya pili ni Bweni, kilimani, na watu, baiskeli na magari huvuka kwa kivuko. Mlangoni mwa mto kuna fungu la mchanga. Chombo chenye shehena hakiingii wala hakitoki mpaka maji yajae, ndiyo maana kazi zote za bandari hii, kupakia, kupakua, hata kula, hufuata maji kupwa na maji kujaa kuliko saa ya ukutani. Nahodha mmoja ninayemfahamu, mtu mzima wa kule, alinitambua kuwa mtu wa Meru kabla sijataja nilikotoka. "Mwanangu, wewe umekunywa maji ya juu," aliniambia, akitazama meno yangu ya kahawia. Ni kweli. Maji yetu yana floridi nyingi, na sisi tuliokulia mlimani tunatembea na alama hiyo mdomoni.

Mto ndio ulioijenga bandari hii. Katika karne ya 19, bonde lake lilikuwa njia ya kwenda bara. Misafara ilipanda nalo ikiwa na nguo, shanga na nyaya za shaba, ikafika Arusha Chini, Kilimanjaro, Meru na nchi ya Wamasai, kisha ikarudi na pembe za ndovu. Ilirudi na watu pia, waliotekwa na kuuzwa. Wengine walivushwa hadi Unguja, wengine walibakizwa hapohapo bondeni kulima miwa katika mashamba ya mabwana wa pwani. Hilo lazima lisemwe kila zinaposifiwa nyumba zile nzuri za mawe. Mwaka 1887 Teleki, mtu wa Hungaria, na mwenzake von Höhnel waliondokea Pangani na msafara mkubwa, wakafika hadi Meru yetu kabla ya kuendelea kaskazini.

Mwaka uliofuata, kampuni ya Wajerumani ilipokuja kushika forodha na kutweka bendera yake, watu wa Pangani walikataa. Vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim vilianzia hapo na kuenea mwambao mzima, na hapohapo Pangani ndipo Wajerumani walipomnyonga, Desemba 15, 1889.

Lakini bandari haikuuawa na vita. Udongo ambao mto huuteremsha kutoka bara ndio unaolisha fungu lile la mlangoni, na meli za mvuke, zilizohitaji kina, hazikuweza kulipita. Tanga ina ghuba yenye kina. Reli ilianza kujengwa kutoka huko mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1912 na Arusha mwaka 1929. Kahawa ya Meru ikateremka kwa reli hadi Tanga, na bonde lililokuwa njia kuu ya bara likaachwa kando. Hata mkonge, ambao miche yake 62 iliyosalimika safarini kutoka Florida mwaka 1893 ilipandwa Kikogwe, jirani kabisa na Pangani, uliishia kuitajirisha Tanga.

Siku hizi Pangani inaishi kwa minazi na samaki. Wakwezi huangua nazi, wafuaji huzifua juu ya kifuo kwa kasi ambayo mtu wa bara hawezi hata kuifuata kwa macho, na makumbi hayatupwi. Huozeshwa na kusokotwa kamba. Nazi zangu hupakiwa kwenye fuso. Wengine hupakia zao kwenye majahazi kwenda Unguja. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, na mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika. Wakati wa kusi bahari huchafuka, ngalawa nyingi hubaki ufukweni na fedha huadimika mjini. Nami nimejifunza kutowadai watu wa kule miezi hiyo. Watalii huenda ufukwe wa Ushongo, na kutoka huko husafiri hadi Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa huhamishiwa ufukweni ili yasizame.

Jambo linalonikosesha usingizi ni chumvi. Mto ukiwa na nguvu, huisukuma bahari nje. Ukipungua, bahari hupanda mtoni, ikaingia visimani na kwenye mizizi ya minazi. Na mto unapunguzwa huku juu. Wa kwanza ni sisi wa mifereji ya Meru, pamoja na mashamba ya maua na mboga ya Usa na Tengeru. Halafu miwa ya kampuni ya sukari ya TPC kule Arusha Chini. Halafu bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, ambayo haimalizi maji lakini huamua saa ya kuyaachia. Bodi ya Maji Bonde la Pangani hutoa vibali vya kuchepua maji kutoka ofisini kwake Moshi. Ila kiangazi kikikaza, zamu ya usiku kwenye mfereji huwa ya mwenye jembe na ubavu. Nimekaa vikao vingi vya mfereji. Tunagombana kuhusu jirani wa chini yetu kwa hatua mia mbili. Mtu wa Pangani hatajwi kabisa, na naamini hilo ni kosa letu. Vitunguu vyangu na nazi zangu vinakunywa maji yaleyale, na ninayalipia mara mbili: bustani ikistawi kupita kiasi huku, mnazi unakauka kule.

Sasa linajengwa daraja la mita 525 juu ya mto, katika barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Wenye mitumbwi ya kuvusha abiria watapoteza riziki, na sijasikia mpango wao ukizungumzwa vya kutosha. Kwa mkulima wa Bweni, gari la Dar es Salaam litafika hadi mlangoni pake, na bila shaka litampa bei nzuri kuliko yangu. Huenda nazi ikapanda bei Kilombero. Hata hivyo nalitaka daraja lile, kwa sababu nimeona mama mjamzito akikisubiri kivuko gizani upande wa Bweni, na nazi naweza kuitafuta Muheza.