Nairobi, Dar au Kigali: mji upi una sura kali ukiutazama kwa mbali? Na Singida ijifunze nini

Ubishi wa miji hauishi. Kwenye kundi la WhatsApp lenye Mkenya na Mbongo, mmoja akitupia picha ya maghorofa ya Upper Hill, haipiti muda mwingine anajibu na picha ya Posta iliyopigwa kutoka Kigamboni. Kila mtu anaapa kwake ndiko kuna mji.

Leo tunaumaliza ubishi huo, au tunauchochea zaidi. Tumepanga miji sita ya Afrika Mashariki kwa sura yake ya mbali, yaani ule mstari unaouona pale majengo yanapokutana na anga. Singida haimo kwenye sita hiyo, lakini usiondoke. Mwishoni utaona kwa nini orodha hii inatuhusu kuliko inavyoonekana.

Tumepangaje?

Tumeangalia vitu vitatu. Kwanza urefu wa majengo. Pili mpangilio: je, mji unasomeka, au ni maghorofa yaliyomwagwa tu? Tatu mazingira: bahari, ziwa, milima au mawe yanayoupa mji sura ambayo huwezi kuikuta kwingine.

Kabla ya kuanza, kuna kitu kimoja kuhusu urefu. Jengo lenye mita nyingi si lazima liwe na ghorofa nyingi. Taasisi ya kimataifa inayotunza rekodi za majengo marefu, CTBUH, inahesabu ncha iliyo sehemu ya ubunifu wa jengo, lakini haihesabu antena wala mlingoti wa bendera. Ndiyo maana Britam Tower ya Nairobi inatajwa kuwa na mita 200 kwa sababu ya ncha yake, wakati mwenzake wa Westlands, Global Trade Centre, mwenye mita 184, ana ghorofa nyingi zaidi: 43. Ukibishana na mtu, muulize kwanza anahesabu nini.

6. Dodoma

Makao makuu yalitangazwa kuhamia hapa mwaka 1973, lakini safari yenyewe ilishika kasi mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Bado ni mji wa chini. Unachokiona kwa mbali ni Bunge, Msikiti wa Gaddafi, majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma mlimani na Mji wa Serikali kule Mtumba, kila kimoja upande wake. Nafasi ipo kubwa, ila jicho linakosa pa kutua. Tuupe muda.

5. Kampala

Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina mwenyewe. Namirembe kuna kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga la Wakatoliki, na Kampala ya Zamani kuna msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2007. Ukipanda mnara wa msikiti huo unauona mji wote chini yako. Maghorofa ya katikati yapo, lakini yanayokaa kichwani ni vilele vyenye nyumba za ibada. Kinachoiangusha Kampala ni msongamano wa mabondeni, ambako mabati na nyaya vinameza kila kitu.

4. Mwanza

Hapa maghorofa si hoja. Sura ya Mwanza ni mawe na Ziwa Victoria. Jiwe la Bismarck limesimama majini, Hospitali ya Bugando iko kilimani, na nyumba zimepanda milima hadi juu. Usiku taa za milimani zinapendeza kweli.

Ila picha hiyo ina bei yake. Nyumba nyingi za milimani zilijengwa kabla ya viwanja kupimwa. Kupandisha maji, kupitisha gari la zimamoto au kumteremsha mgonjwa kutoka kule ni kazi. Kinachovutia kwenye simu kinaweza kuwa mateso kwa anayeishi pale.

3. Kigali

Kigali haina majengo marefu kihivyo. Kigali City Tower, iliyokamilika mwaka 2011, ina ghorofa 20 tu. Lakini iko juu ya kilima, kwa hiyo inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Upande wa pili kuna kuba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016 na kubuniwa kwa kufuata umbo la makazi ya wafalme wa zamani wa Rwanda. Usiku linawashwa taa za rangi na unalijua hata ukiwa mbali. Kigali inatufundisha kwamba jengo moja lenye maana linaweza kushinda kumi yanayofanana.

2. Dar es Salaam

Sehemu nzuri ya kuiona Dar ni kwenye pantoni, ukitokea Kigamboni. Mbele yako kuna makanisa ya enzi za Wajerumani, Azania Front na Mtakatifu Yosefu, na juu yake yamesimama majengo ya vioo. Jengo la Mamlaka ya Bandari lina mita 157, na karibu yake kuna yale mapacha yaliyojengwa na mfuko wa PSPF yenye ghorofa 35. Zamani na sasa kwenye picha moja, na maji chini. Kwa picha ya baharini, Dar haina mpinzani kwenye orodha hii.

Kwa nini basi si ya kwanza? Kwa sababu ukiingia Posta na Kariakoo, maghorofa yamebanana kiasi kwamba dirisha la huyu linatazama ukuta wa yule.

1. Nairobi

Wabongo mtatusamehe. Nairobi ina vituo vitatu vya maghorofa: katikati ya jiji, Upper Hill na Westlands, kila kimoja na sura yake. KICC, iliyofunguliwa mwaka 1973, ina mita 105 tu na imepitwa na mengi, lakini bado ndiyo inayoitambulisha Nairobi, na unaweza kulipa ukapanda hadi juu. Tena kuna hifadhi ya taifa pembeni ya jiji, ambako twiga anapita na maghorofa yako nyuma yake. Picha hiyo huipati mji mwingine wowote.

Hata hivyo Nairobi nayo imejikwaa. Mwaka 2017 ulizinduliwa mradi wa jengo la The Pinnacle, Upper Hill, lililotarajiwa kupita mita 300. Mgogoro wa ardhi ukalisimamisha. Sasa hivi mjengo wa Benki ya Biashara ya Ethiopia kule Addis Ababa, wenye mita 209, unaizidi Britam Tower.

Nani analipia urefu huu?

Angalia tena majina ya maghorofa: Britam na UAP ni kampuni za bima, PSPF ulikuwa mfuko wa pensheni, Addis ni benki. Hawa ndio wenye hela inayoweza kukaa miaka mingi ikisubiri kodi ya pango.

Hapa ndipo Singida inapoingia. Mwaka 2018 PSPF iliunganishwa na mifuko mingine ikazaliwa PSSSF. Maana yake mwalimu wa Iramba, nesi wa Manyoni na afisa kilimo wa Ikungi, wote wanaokatwa mchango kila mwezi, wana kipande chao kwenye yale mapacha ya Dar hata kama hawajawahi kuyaona. Ghorofa ikipata wapangaji, mfuko unaingiza kodi. Ikikaa tupu, ni hela ya wastaafu iliyolala. Serikali ilipohamia Dodoma, ofisi za wizara zikahama nazo, na mwenye jengo Dar akabaki na kazi ya kutafuta mpangaji mwingine. Kwa hiyo ukiona picha kali ya maghorofa usiku, swali zuri ni taa ngapi zinawaka.

Urefu bila usimamizi ni msiba

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar liliporomoka na kuua watu 36. Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua karibu watu 50. Novemba 16, 2024 ikawa zamu ya Kariakoo: jengo la ghorofa nne, zaidi ya watu 20 wakafariki. Ona hapo. Ghorofa nne tu. Hatari haianzii kwenye urefu, inaanzia kwenye msingi, nondo, zege na nani alikagua.

Hivyo mtu akianza kupandisha ghorofa jirani na kwako, una haki ya kuuliza kibali cha halmashauri. Kwenye eneo la ujenzi kunatakiwa kuwa na kibao kinachoonyesha nani ni mkandarasi, mhandisi na mbunifu. Hao wote wana bodi zinazowasajili: CRB kwa makandarasi, ERB kwa wahandisi na AQRB kwa wabunifu majengo.

Sasa tuje nyumbani

Singida mjini bado ni mji wa chini, na hiyo ndiyo bahati yake. Sura ya mji haiamuliwi siku ghorofa inapozinduliwa. Inaamuliwa mapema, viwanja vinapopimwa. Dar na Mwanza zinahangaika kurekebisha yaliyokwisha kujengwa, sisi bado tunaweza kuchagua.

Na mtaji tunao. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai yako mjini kabisa. Mawe makubwa yaliyobebana yako mtaani, si lazima uende mbugani. Miji mingi inatumia mabilioni kujenga alama ya kuitambulisha, sisi tulipewa bure.

Mambo matatu yanahitaji kulindwa. La kwanza ni kingo za maziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ikisimamiwa, kila mtu atabaki na pa kukaa jioni akiangalia maji. Isiposimamiwa, maziwa yatakuwa ya wenye kuta.

La pili ni mawe. Kuna familia zinazokula kwa kuponda kokoto, na kuwaambia waache bila kuwapa eneo lingine ni kuwaonea. Lakini jiwe lililopondwa halirudi. Manispaa inaweza kuainisha mawe ya kubaki kama alama za mji, na maeneo ya kuchimba nje ya mji.

La tatu ni upepo. Singida ni mkoa wa upepo mkali, ndiyo maana kila mara unasikia mipango ya umeme wa upepo. Britam Tower kule Nairobi imewekewa mitambo ya upepo kileleni. Atakayejenga ghorofa hapa anatakiwa apige hesabu ya upepo wa hapa, asilete tu ramani ya Sinza.

Orodha hii itabadilika, Dodoma itapanda na mtu atajenga kirefu zaidi ya wote. Singida haihitaji kukimbizana na Upper Hill. Inatosha miaka 20 ijayo mtu anayeingia mjini kwa basi ayaone maji na mawe kwanza, halafu ndio aone maghorofa.