PC Mpya Iko Tayari, Sasa Draiva Gani? Usichome Bando Bure

Umefunga kila kitu, feni zinazunguka, Windows imeingia. Halafu unacheki skrini: picha imetanuka kama chapati, sauti hakuna, waifai haionekani. Tulia, msee. Hakuna kitu imekufa. Mashine inangoja draiva, yaani programu zinazoambia Windows vile itaongea na kila kipande ulichofunga.

Wengi wetu hapa Mombasa hatununui vipande kwa boksi. Ni ex-UK zilizoshuka na kontena Kilindini, huna CD, huna kitabu. Hapo ndio mtu anaingia Google na kudaunilodi kiprogramu cha kwanza kinachojisifu kitaleta draiva zote kwa klik moja. Hizo achana nazo kabisa! Nyingi zinakuitisha doo mwisho wa safari, na zingine zinakuja na takataka utatoa wiki nzima.

Anza na neti. Kama waifai haijulikani, chomeka simu ya Android kwa USB na ushee bando. Mara nyingi Windows inaitambua hapo hapo. Kisha achia Windows Update ifanye kazi, na uchungulie pia sehemu ya Optional updates. Sauti, bluututhi na waifai kawaida zinapatikana huko.

Za kutafuta mwenyewe ni mbili tu: chipseti na grafiki. Ya chipseti iko kwa tovuti ya aliyetengeneza mazabodi. Soma modeli, imeandikwa kwenye bodi yenyewe. Ya grafiki toa kwa NVIDIA, AMD au Intel moja kwa moja. Faili ya NVIDIA inapita MB 500, so itafutie waifai ya mtu. Na kama umeokota GTX 1060 ama ndugu zake, jua kuwa NVIDIA ilisimamisha draiva mpya za gemu kwa kadi hizo Oktoba 2025. Zimebaki za usalama pekee, hadi Oktoba 2028. Bado inacheza, lakini bei ya muuzaji ishuke kidogo, ama vipi?

Ukiona alama ya njano kwa Device Manager na hujui ni kidude gani, fungua Properties, Details, halafu Hardware Ids. Hiyo namba ni kama namba pleti ya gari: VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD, VEN_10EC ni Realtek. Tafuta kwa hiyo namba nzima, si kwa kubahatisha.

BIOS si draiva. Stima ikipotea katikati ya kuiapdeti, mazabodi inaweza kwenda jumla, na stima za huku mnazijua. Kama prosesa inasomwa na mashine haizimi ovyo, usiiguse.

Programu ya kuwasha taa za rangi? Hiyo ngoja mwisho wa mwezi, bando ikibaki.