Mwiba wa Taa, Ini la Bunju

Taa na bunju huvuliwa katika maji yaleyale ya pwani yetu, na wote wawili wana sumu, lakini hatari zao hazifanani hata kidogo. Taa ana mwiba mkiani. Ukimkanyaga alipojifukia mchangani, mwiba hukuchoma na sumu ikaingia jerahani, ila nyama yake haina neno, iwe ya mchuzi wa nazi au ng'onda. Bunju hana cha kumchomea mtu. Sumu yake, tetrodotoksini, imo kwenye ini, mayai na mara nyingi ngozi, nayo humngoja mlaji. Kinachowatenga wawili hawa ni njia ya sumu kuingia mwilini, na kwa maoni yangu njia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini moto huishinda sumu moja ukashindwa na nyingine.

Sumu ya kuchoma au kuuma haipiti tumboni, kwa hiyo inaweza kuwa protini, kitu ambacho joto na tindikali ya tumbo hukiharibu. Ndiyo maana mguu uliochomwa na taa hulowekwa kwenye maji ya moto wa kuvumilika, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, na maumivu hupungua. Sumu ya kuliwa isingefika popote kama ingekuwa dhaifu hivyo. Tetrodotoksini ni molekuli ndogo isiyojali sufuria: huziba mapito ya sodiamu kwenye neva, midomo ikafa ganzi, kisha misuli ya kupumulia ikalegea huku mgonjwa huenda bado anasikia kila linalosemwa. Dawa ya kuivunja nguvu hakuna. Mashine humpumulia mpaka mwili uitoe. Na mlo wa hatari si lazima utoke kwa samaki mwenye sifa mbaya. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walikufa kwa kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Kasa hana jino wala mwiba wa sumu.

Atakayepinga atamtaja swila atemaye sumu bila kuuma. Huyo bado yuko upande wa taa, kwani sumu yake hutoka menoni na hudhuru macho, si ngozi nzima. Pingamizi zito zaidi ni pweza mdogo wa Australia mwenye pete za buluu, anayeuma kwa tetrodotoksini ileile ya bunju. Lakini kanuni hii inafunga upande mmoja tu: sumu ya kuliwa haina budi kuwa sugu, ya kuuma si lazima. Wala isidhaniwe kwamba sumu ya nyoka inanyweka kwa kuwa ni protini. Kidonda kidogo cha fizi kinatosha kuipeleka kwenye damu kabla haijafika tumboni.