Kasuku Aliyelindwa na Mwiko wa Malkia

Wengi wetu tukisikia neno kasuku tunamkumbuka yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, amekaa kwenye tundu barazani akirudia salamu alizofundishwa. Leo tunapenda kuwaeleza habari za kasuku mwingine ambaye hasemi neno lolote la binadamu, tena ni mdogo hata anaenea kiganjani. Anaishi katika visiwa vichache sana vya Bahari ya Pasifiki, na kisiwa chake kikuu ni Rimatara, kwenye eneo la Polinesia lililo chini ya Ufaransa.

Wenyeji wa Rimatara humwita 'ura. Katika Visiwa vya Cook, vilivyoko upande wa magharibi, huitwa kura, na jina hilo lina maana ya wekundu. Wataalamu humwita Vini kuhlii. Urefu wake ni kama sentimita 19, na uzito wake gramu 55 hivi. Mgongo ni wa kijani, mashavu, kifua na tumbo ni vyekundu kabisa, na kisogoni ana zambarau iliyokolea. Hapendelei nafaka ngumu kama kasuku wengi tunaowafahamu. Chakula chake kikubwa ni mbochi, yaani maji matamu ya maua, na ndiyo maana ncha ya ulimi wake ina vinyweleo kama brashi. Huingiza ulimi ndani ya ua la mnazi au la mgomba, akautoa umelowa utamu. Hutaga mayai katika mashimo ya miti, na wakati mwingine ndani ya nazi kavu iliyotobolewa ikiwa bado juu ya mti.

Uzuri huo ndio uliomponza. Kwa Wapolinesia wa kale manyoya mekundu yalikuwa mali ya machifu, yakipamba vilemba na mavazi ya heshima. Katika Visiwa vya Cook watu walimwinda mpaka akatoweka kabisa. Kwamba aliwahi kuishi huko tunalijua kutokana na mifupa iliyofukuliwa pamoja na mabaki ya makazi ya kale, na pia kwa sababu jina lake lilibaki midomoni mwa watu hata baada ya ndege mwenyewe kwisha. Tunaona hili ni jambo la kusikitisha kuliko hata mifupa: mzee kumtajia mjukuu wake kura, na mjukuu hana cha kuelekeza kidole.

Huko Rimatara mambo yalikwenda vingine. Mnamo 1900 hivi, Malkia Tamaeva wa Tano aliweka tapu juu ya ndege huyu. Sisi tungeiita mwiko. Ilikatazwa kumwua, na ilikatazwa kumtoa kisiwani. Kisiwa chenyewe kina eneo lisilofika kilomita za mraba 10, na watu wake hawazidi 1,000, kwa hiyo mwenye kuvunja mwiko asingepata pa kujificha. Utawala wa kifalme ulikwisha Wafaransa walipokitwaa kisiwa, lakini watu waliendelea kuushika mwiko wa malkia wao kizazi baada ya kizazi.

Hata hivyo tusiupe mwiko sifa zote. Mwiko humzuia mtu. Panya hajui mwiko. Adui mkubwa wa ndege wa visiwani ni panya mweusi, yule anayesafiri ndani ya meli na kupanda miti kwa wepesi, akala mayai na makinda ndani ya mashimo. Popote alipoingia katika visiwa hivyo, kasuku wa jamii hii walipungua au walikwisha. Rimatara haikufikiwa naye. Ni bahati, na tunaitaja kwa jina lake, maana mtu akidhani ni sheria pekee iliyomwokoa 'ura atasahau kuangalia gati.

Kwa kuogopa kwamba siku moja bahati hiyo ingekwisha, wataalamu wa Visiwa vya Cook wakiongozwa na Gerald McCormack walitafuta kisiwa cha pili. Walikichagua Atiu, chenye kilomita za mraba 27 hivi, kwa kuwa nacho hakina panya mweusi. Lakini mwiko wa kutowatoa ndege bado ulikuwapo, kwa hiyo ilibidi watu wa Rimatara wenyewe waridhie, na waliridhia. Mwezi Aprili 2007 kasuku 27 walisafirishwa kwa ndege hadi Atiu. Kura alikuwa amerudi katika nchi iliyommaliza.

Hapo Atiu lilijitokeza tatizo lingine. Miongo mingi kabla ya hapo walikuwa wameletwa visiwani ndege weusi wa kahawia waitwao maina, asili yao Asia, ili wale wadudu waharibifu. Maina hao wakaanza kuwasumbua kura kwenye viota na kuwashambulia makinda wanaojifunza kuruka. Sisi tunaowajua kunguru walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea hadi Dar es Salaam na Mombasa, hatuhitaji maelezo marefu. Tangu 2009 watu wa Atiu waliingia katika kazi ya kuwaondoa maina kwa mitego, sumu na bunduki. Iliwachukua miaka, maana maina ni mjanja, na wale wachache wa mwisho ndio wagumu kuliko maelfu ya mwanzo. Leo kura wanazaliana Atiu, na baadhi yao walivuka bahari wenyewe hadi kisiwa jirani cha Mitiaro.

Mbali na hapo, wapo katika visiwa vichache vya Kiribati, ambako inaaminika walipelekwa na mabaharia wa kale kwa ajili ya manyoya yao. Hesabu yote bado ni ndogo, nao wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Hivi sasa lango linalotazamwa zaidi huko Rimatara na Atiu ni gati. Mchele, saruji na mafuta ya taa vinakuja kwa meli, na hakuna anayeweza kuishi bila meli. Panya jike mmoja mwenye mimba, aliyejificha kati ya magunia, anatosha.